Mtungi wa Saba wa Mzee Shaame

Ndugu na majirani mliofika ukumbini hapa Stratford, wengine kwa mabasi mawili matatu kutoka Peckham na Edmonton, kabla hatujaanza hitma familia imemtuma mmoja wa watoto awasomee maisha ya mpendwa wetu, na inawaomba mumvumilie akikwama, kwani humu mna jambo ambalo halijapata kusemwa.

Mzee Shaame Kombo alizaliwa Mtambwe, Pemba, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba, akatiwa chuoni na bibi yake mzaa baba, ambaye pamoja na Kurani alimfundisha abjadi, ile hesabu ya zamani ambayo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, alifu moja, bee mbili, jimu tatu, hadi wau sita na ze saba. Alisoma skuli Wete kuanzia 1958 hadi 1967, akawa karani wa posta, na tarehe 3 Agosti 1979 alifunga ndoa na Bi Ummukulthum, ambaye mpaka juzi alikuwa bado akimtania kwamba mahari aliileta kwa mafungu. Walijaaliwa watoto watatu, Riyadh, Miska na Haifa, huyu wa mwisho akizaliwa hapa London tarehe 22 Februari 1988, miaka miwili baada ya familia kuhamia, akasemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza.

Baada ya miaka mitano ya kubeba maboksi kwenye ghala la Edmonton, tarehe 4 Machi 1991 aliajiriwa kuwa mlinzi katika jumba dogo la makumbusho katikati ya jiji, akapewa kiti kwenye kona ya chumba cha mitungi ya Kigiriki, kazi yake kuangalia watu wasiguse. Kila mtungi ulichorwa herufi moja, na Mzee Shaame hakukaa wiki mbili kabla ya kutambua kwamba Wagiriki wa kale nao walihesabu kwa herufi, alfa moja, beta mbili, iota kumi, karibu sawasawa na abjadi ya bibi yake, hata akarudi nyumbani siku hiyo anacheka peke yake. Alinunua vitabu, akajifunza mpaka mamia, akawafundisha walinzi wenzake wakati wa chai, na msimamizi wa chumba, Bi Kalpana, akaahidi kwamba kuanzia Juni 2007 Mzee Shaame ataacha kiti na kuwatembeza wageni, jambo alilolitamani kwa miaka kumi na sita.

Haifa, aliyekuwa akisoma chuo kikuu, alijitolea kuwatembeza wageni hapo, na nyumbani alipofanya mazoezi alisema mtungi wenye zeta ni wa sita, maana ndivyo zeta ilivyo katika alfabeti ya leo. Baba yake alimwambia kwamba ni wa saba, kwamba nafasi ya sita ilikuwa ya herufi nyingine ambayo Wagiriki waliiacha katika maandishi yao lakini wakaibakiza katika hesabu. Haifa alimjibu kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye aliyesoma, na baba yake alikuwa mtu wa kulinda tu.

Jumamosi, tarehe 12 Mei 2007, mbele ya wageni thelathini na Bi Kalpana, Haifa alisema sita. Bi Kalpana alimsahihisha, akamuuliza kosa hilo amelipata wapi. Mzee Shaame aliinuka kwenye kiti chake, na sare yake, akasema, "Kosa langu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo."

Jina la Mzee Shaame likatolewa kwenye orodha ya watembeza wageni. Alirudi kwenye kona yake, akakaa miaka tisa mingine mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2016, wala nyumbani hakulitaja tena jambo hilo, hata kwa mke wake.

Alianza kuugua figo Januari mwaka jana, akafariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bi Ummukulthum. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa Nesi Noëlla aliyekuwa akimwita Babu, jirani yetu Bwana Jaspal aliyempeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki bila kukubali hata senti, na wafanyakazi wenzake wa makumbusho, ambao wapo hapa, na Bi Kalpana ameketi safu ya tatu.

Anayesoma karatasi hii ndiye Haifa. Mbele ya Bi Kalpana, na mbele ya mama yake, anasema leo kwamba baba yake alimfundisha saba.

Lala salama, Baba. Kosa si lako tena.