Mwandu Luhaga, Aliyewajua Panya kwa Masikio

Ndugu waombolezaji, huyu tuliyemrudisha nyumbani leo ni Mwandu Luhaga. Alizaliwa hapa Ngulyati tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa Mzee Luhaga na Mama Ng'washi. Shule ya msingi alisoma hapa hapa, na sekondari alimaliza Bariadi mwaka 1998. Ng'ombe wa baba yake aliwachunga tangu ana miaka sita. Akitembea nyuma ya kundi, kila mmoja alimjua kwa alama iliyokatwa sikioni.

Mwaka 2003, akiwa na cheti cha mifugo, aliajiriwa kwenye maabara ya utafiti jijini Mwanza. Aliwapa panya wadogo weupe dawa ya usingizi, akawalaza ndani ya mashine na kuwapiga picha, panya yule yule kila wiki, ili ionekane kama uvimbe tumboni mwake unakua au unasinyaa. Nao walitambuliwa kwa alama sikioni, la kulia au la kushoto. Kila asubuhi aliwaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Tarehe 4 Oktoba 2008 alifunga ndoa na Elina, binti wa Nyashimo. Mwaka uliofuata, Elina akiwa na mimba ya miezi saba na mkataba wa Mwandu ukisubiri kusainiwa upya, picha za wiki ya sita zilionyesha uvimbe wa panya mmoja umepungua nusu. Mkuu wake, Dokta Januarius, alianza kuisifu dawa. Mwandu alikosa raha. Wiki hiyo panya walilazwa chali badala ya kifudifudi, naye kwa mazoea ya kichungaji alisoma masikio kama aliyesimama nyuma ya ng'ombe, sikio la kulia mkono wa kulia. Kumbe kwa aliyelala chali, sikio la kulia liko mkono wa kushoto wa anayemtazama, na panya wawili walikuwa wamebadilishana majina kwenye picha. Siku ya tatu alimweleza mkewe.

"Ukisema, tutarudi Ngulyati," Elina alimwambia. "Ukinyamaza, kuna mgonjwa atakuja kuinywa hiyo dawa."

Alisema. Mkataba haukusainiwa, na Dastan alizaliwa baba hana kazi. Baada ya miezi minne, Dokta Januarius mwenyewe alimpigia simu arudi.

Agosti 2024 Mwandu alikutwa na uvimbe kwenye ini, ikawa zamu yake kulazwa mashineni kila baada ya wiki sita. Mwezi Januari daktari wa hospitali alimwambia umesinyaa. Elina alilia kwa furaha.

"Daktari, umeangalia jina?" Mwandu aliuliza.

Daktari alikunja uso, akaangalia. Picha ilikuwa ya mtu mwingine. Uvimbe wa Mwandu ulikuwa umeongezeka mara mbili.

"Basi mkimbilieni mwenye picha," alisema Mwandu, "mumpe habari yake kabla hajatoka getini."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka 45. Ameacha mama yake, mjane Elina, watoto wawili, Dastan na Flora, na ndugu wanne. Leo asubuhi, kabla hatujabeba jeneza, Elina alilisoma jina kwenye msalaba mara mbili, herufi kwa herufi, ndipo akaturuhusu kuondoka.

Ni yeye. Mungu amlaze kwa amani.