Meno Aliyoyahesabu Yudith

Sogeeni, wanangu. Elibariki, zima hiyo redio, na wewe Dorkas acha kulia kwanza, utalia baadaye, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Shamba la tangawizi kule Myamba ni la Dorkas, nyumba hii na ng'ombe wote wawili ni vya Elibariki, na mkigombania hayo mtakuwa mmenidharau. Hilo limekwisha. Jambo lililonizuia kufa tangu Jumapili limo ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda hiki, na msilifungue mpaka nimalize kusema.

Mnaukumbuka mwaka wa themanini na tatu, tulipofua kwa majani ya mpapai na kuandika ubaoni kwa mihogo mikavu. Nilikuwa mwalimu wa sayansi wa madarasa yote saba, sina chati, sina kielelezo hata kimoja. Nikaingia mpungi, ule msitu wa ukoo wetu ambamo wazee waliweka mafuvu ya wafu wao kwenye vyungu chini ya mwamba, nikatoa fuvu la babu wa baba yangu, nikalifunga kwenye kanga ya mama yenu. Sisi ni Walutheri, nilijiambia, mambo hayo tuliyaacha zamani. Wazazi wa wanafunzi niliwaambia nimepewa hospitalini.

Nikalifundishia kwa ngazi, na jamani, nilifundisha vizuri. Darasa la kwanza walitazama tu. La pili walihesabu meno, la tatu wakapima kwa uzi, la nne wakachora, la tano wakalilinganisha na la mbuzi, la sita wakaeleza taya linavyotafuna, na la saba kazi yao ilikuwa moja, kuuliza swali ambalo mwalimu hajaliuliza. Kitu kilekile, na kila mwaka mtoto anakirudia akiwa na macho mapya. Wakaguzi walinisifu, na sifa zikanilevya.

Sasa, palikuwa na Yudith, binti wa jirani yetu Koleta. Darasa la pili alihesabu meno kumi na manne, sawasawa na hesabu yangu. Alipofika la nne akachora kumi na saba. Nikamchapa fimbo tatu mbele ya wenzake, nikafuta mchoro wake, nikamwambia mtu wa sayansi haongezi vitu. Watoto walipotoka nikabaki darasani nikayahesabu. Yalikuwa kumi na saba, meupe, yamekaa imara kwenye taya, na ulimi wangu mwenyewe ulikuwa unapapasa mapengo matatu. Meno yangu yalikuwa yameondoka usingizini, bila maumivu wala damu, na kwenye mto sikuokota hata moja.

Niliogopa, wanangu. Mimi niliyewafundisha watoto waandike wanachokiona, daftarini niliandika kumi na manne.

Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, maduka ya Same yakajaa, wazazi wakachanga, nikanunua chati ya mifupa nikaitundika ukutani. Hapo sikuwa tena na kisingizio. Lakini kulirudisha fuvu kulikuwa ni kukiri, na kaka yangu Anaeli alikuwa ameshaniuliza ni nani aliyegusa vyungu, nami nikamwita mshamba mbele ya kanisa zima. Ndiyo maana hatusalimiani mpaka leo.

Yudith alipofika la saba, zamu yake ya kuuliza ikaja. Alisimama akanitazama mdomoni, siyo machoni. "Mwalimu, haya meno mapya yanatoka wapi?" Darasa likaangua kicheko, nikamwambia kaa chini. Akakaa, na hakunyoosha mkono tena katika somo lolote, mtihani ukamshinda, na sasa anauza mitumba pale stendi ya Same, mtoto aliyekuwa na macho kuliko wote niliowafundisha. Hilo linaniuma kuliko kufa.

Leo fuvu lina meno thelathini na mawili. Mimi nimebaki na kumi na manne.

Nipe maji, Dorkas. Basi, yanatosha.

Fanyeni hivi. Elibariki, nenda kwa baba yako mkubwa Anaeli, umwamkie, upige magoti, useme ni mimi. Yeye ndiye atakayelirudisha, siyo nyinyi. Lakini kabla halijatoka humu ndani, mleteni Yudith. Mpeni lile daftari langu lenye jalada jeusi. Miaka kumi na mitatu nimeandika idadi ileile, uongo mtupu. Ahesabu yeye. Aandike anachokiona, na mwambieni... mwambieni alikuwa amepata.

Mungu awatunze. Awape watoto wanaouliza, na nyinyi msiwanyamazishe. Elibariki, mkono wako... uko wapi. Nikikata roho, msinifunge kidevu. Kitambaa kisubiri. Mwacheni Yudith anifungue kinywa ahesabu na humu, kwa sauti, ukoo wote usikie, na idadi atakayoitaja... yoyote ile, wanangu... mtu asimsahihishe.