Mama Dorothée na Mkanda Ulioshtakiwa kwa Hujuma

Tarehe 30 Juni 2003, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Mama Dorothée Byaombe anatuachia funguo za mashine ya kusaga ya Ushirika wetu hapa Baraka. Cheo chake kwenye karatasi ni "msaidizi". Alikuwa akimsaidia nani, Kamati bado inatafuta.

Aliingia mwaka 1974 kufagia unga. Fundi wa kwanza alipohamia Uvira, alimwachia spana mbili na mkanda, ule mukaba mweusi unaotoa nguvu kwenye mota na kuipeleka kwenye kinu. Kila asubuhi, mota ikiwa bado imezimwa, aliubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama unene wa kidole, ni sawa. Ukizama zaidi, utateleza na kuungua. Usipozama, utaua beringi. Mkanda mpya aliuacha ufanye kazi nusu siku, akazima mota na kuupima tena, maana mkanda mpya hunyooka. Elimu yote ni hiyo, na imetushinda wenye diploma watatu.

Tangu vita vya 1996 mashine yetu imekombolewa mara tano. Kila mkombozi alikuja na mhuri wake, akatangaza kwamba sasa kusaga ni huru, kisha akasagiwa wa kwanza. Mama Dorothée aliwasalimu wote sawasawa, akauliza kama wameleta mazuti, yaani dizeli ya mota.

Mwaka 1999 akafika Komanda Roger, mtu wa nidhamu. Asubuhi hiyo bamama walikuwa wamepanga beseni za muhogo hadi barabarani. Wengi walikuwa wametoka mafichoni milimani, na watoto wao hawajala. Komanda akaona mkanda unatikisika kidogo.

"Mukaba hii iko na uvivu," akasema. "Kaza!"

"Iko sawa, Komanda. Nikikaza zaidi, itavunja chuma."

"We unabishana na serikali?"

"Apana, Komanda. Mukaba ndiyo inabishana."

Askari wawili wakalegeza bolti, wakaisukuma mota nyuma kwa mtaimbo mpaka mkanda ukawa mgumu kama ubao. Mashine ilisaga kwa fahari dakika kumi na mbili. Kisha beringi ikatoa moshi, shafti ikakwama, na bamama wakajitwika beseni zao wakarudi nyumbani kutwanga.

Uchunguzi ulifanyika palepale, ukagundua hujuma: mkanda ulikuwa umeshirikiana na adui, na Mama Dorothée alikuwa ameshirikiana na mkanda. Ripoti ilihitaji sahihi ya katibu wa Ushirika. Katibu huyo, ambaye ndiye mimi ninayeandika haya, alitia sahihi. Mama Dorothée akalala kasho, selo ya askari, siku tatu, sakafuni.

Siku ya nne askari walikuwa wamechoshwa na muhogo wa kuchemsha, wakamtoa "kwa huruma". Alinawa uso, akaenda moja kwa moja kwenye gunia la pumba, akachomoa beringi ya akiba aliyoificha humo tangu ukombozi wa pili. Kufikia adhuhuri shafti ilikuwa inazunguka. Akairudisha mota mahali pake, akabonyeza mkanda, kisha akaniita mbele ya watu wote.

"Katibu, kuya ubonyeze na we. Siku ingine bakikuuliza, ukuwe na ya kusema."

Nilibonyeza. Ulizama unene wa kidole.

Kesho yake Komanda alitoa amri kwamba kuanzia sasa mkanda utapimwa na Komanda peke yake. Kila siku saa moja asubuhi alikuja, akabonyeza, akasema "Bien," yaani vyema. Mama Dorothée alikuwa ameshauweka sawa saa kumi na mbili. Komanda alipohamishiwa Lulimba, mkanda ulikuwa haujakatika hata mara moja, naye alipewa pongezi kwa maandishi.

Sasa Mama Dorothée anapanda kwenda Fizi-Centre, kulima na binti yake Nadège. Kwa kila bugali uliopikwa Baraka miaka hii migumu, Mama, aksanti sana. Tunakuombea mvua ya wakati wake, magoti yasiyouma, na jirani asiye na mashine, maana tunakujua: utaamka kwenda kuisikiliza.