Historia ya Bibi Afya, Aliyefanya Kazi kwa Jina la Wifi Yake

Wazee wetu, majirani, walimu wake, rafiki zake na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenichagua mimi, dada yake mkubwa, nisome historia ya mdogo wetu, na wameniomba nisome taratibu, nisilie wala nisipandishe sauti. La kulia sina uhakika nalo, la kusoma taratibu naahidi, kwa sababu yupo mtu hapa ambaye nisingependa akose hata neno moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1997 katika zahanati iliyo nyuma ya soko, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa mama yetu mshonaji na marehemu baba yetu dereva wa lori. Jina lake kamili limeandikwa kwenye kibao cha jeneza, nilimsimamia fundi mwenyewe mpaka akalimaliza, lakini mtaa huu wote ulimwita Bibi Afya, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa hanywi maji kwa mtu bila kuuliza kama yamechemshwa, na kwa tabia hiyo alitutia aibu katika nyumba za wengi mlioketi hapa, ambao tunaomba mmsamehe.

Alianza darasa la kwanza Januari 2004 katika shule ile ng'ambo ya barabara, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako mwalimu wa kemia alimwamini hata akamkabidhi funguo za maabara, kisha akasomea stashahada ya upimaji wa maji, na Septemba 2021 akapata nafasi ya kuongeza elimu nje ya nchi. Aliondoka na viza ya mwanafunzi, akapokelewa huko na binamu yetu, mtoto wa shangazi, ambaye kwa ufundi wake wa kumtafutia kila mtu njia ya kupita tunamwita Bwana Mipango. Amekaa safu ya mbele, na tunamshukuru kwa kuja.

Sasa kuhusu kazi. Sehemu hii nimeombwa nisiisome. Jana jioni Bwana Mipango alinifuata jikoni, akafunga mlango, akaniambia, "Dada, hiyo ya kazi si uiruke tu? Sema alikuwa anasoma, inatosha. Watu watalia, wataenda zao." Nikamjibu kwamba nimesikia, na kweli nilikuwa nimesikia.

Viza ya mdogo wangu ilimruhusu kufanya kazi saa chache tu kwa wiki, na kila alikoingia kuomba, mgahawani, dukani, hata kwenye maktaba ya chuo chake mwenyewe, walizipekua karatasi zake, wakatabasamu, wakamwambia watampigia simu, na simu haikulia. Hapo ndipo mipango ilipoanza. Wifi yetu, mke wa binamu, alitakiwa awe kazini muda wote ili kibali chake cha ukaazi kiendelee kuwa hai, naye alikuwa ameandikishwa katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, ila mgongo ulikuwa umemkatalia tangu wiki ya kwanza. Basi Bibi Afya akapewa kadi ya wifi avae shingoni, akaambiwa asuke nywele kama za kwenye picha, na tarehe 7 Februari 2022 akaingia kazini kwa jina la wifi.

Alinisimulia kwenye simu huku anacheka, "Dada, wakiniita nachelewa kuitika, sasa msimamizi anaamini nina tatizo la masikio, akitaka kunituma anakuja kunigusa bega." Na mimi nikacheka. Alikuwa hajui kufanya kazi nusunusu, kwa hiyo hata kazi ya jina la mtu aliifanya kama yake, akapandishwa akawa mkuu wa zamu, picha yake ikabandikwa ukutani kama mfanyakazi bora, sura ya kwake, jina la wifi, na kibali cha wifi kikaongezwa muda bila wifi kukunja shuka hata moja.

Kuhusu ndoa, marehemu alikuwa amechumbiwa na fundi umeme aliyekaa pale kando ya mama, kijana ambaye ndiye aliyefunga taa hizi na hiki kipaza sauti ninachosemea, na walikuwa wafunge ndoa akimaliza masomo. Hakubahatika kupata mtoto, lakini alimlea binti yangu kama wake, akamfundisha kunusa maji kabla ya kuyanywa, tabia ambayo nilihangaika kumwachisha na ambayo sasa sitaki aiache.

Tarehe 11 Novemba 2023, pale kiwandani, dawa mbili za kufulia zisizopatana zilimiminwa kwa makosa katika pipa moja, ukatoka moshi mkali, na mdogo wangu kama mkuu wa zamu akawatoa kwanza wenzake wote, akawa wa mwisho kutoka. Alijua amevuta nini, ndicho alichokisomea. Lakini garini, wakielekea hospitali, Bwana Mipango alimwambia, "Ukitaja kiwanda tu, wifi yako anafukuzwa nchini, na wewe chuo kwaheri," maneno ambayo mdogo wangu alinieleza mwenyewe kesho yake, kwa sauti iliyokwisha kukauka. Walipoliita jina lake pale mapokezi alichelewa kuitika, maana alikuwa amelizoea la mwenzake, na daktari alipouliza anafanya kazi gani, binamu ndiye aliyemjibu, "Hafanyi kazi, ni mwanafunzi, kapigwa na baridi tu."

Akapewa dawa za kikohozi, akarudishwa nyumbani, na kabla hajapona akarudishwa kazini, kwa sababu jina la wifi lisingeweza kukosekana kwenye zamu. Alianguka juu ya mashuka tarehe 16, Bwana Mipango akaja kumchukua akamrudisha hospitali kwa jina lake mwenyewe, na tarehe 19 Novemba akafariki. Daktari yule nimezungumza naye kwa simu, akaniambia kwamba angejua siku ya kwanza kilichovutwa, angemlaza saa ileile na kumwekea hewa, na leo tungekuwa tunasema mengine. Sijamsamehe binamu yangu, na ninaomba asije mtu kunishika mkono baada ya mazishi ili anibembeleze nimsamehe.

Mwenzake wa zamu alikuwa amekwenda hospitali kumtazama, akaulizia jina la wifi, akaambiwa hawana mgonjwa huyo. Alipompigia Bwana Mipango kuulizia hali yake, akilitaja jina lilelile, Bwana Mipango kwa kuchanganyikiwa akajibu, "Amefariki." Ndilo neno pekee la kweli alilosema katika habari hii yote, na alilisema kwa jina la mke wake.

Habari ikafika kazini, kiwanda kikatoa taarifa ya kifo cha wifi serikalini kama sheria ya huko inavyotaka, na wafanyakazi wakamlilia mwenzao, wakatengenezesha shada hili la maua ya kitambaa, likaja pamoja na jeneza, na kwenye utepe wake limeandikwa jina la wifi yetu, ambaye amekaa pale na miwani yake myeusi. Juzi wameletewa habari kwamba kibali chake kimefutwa, kwa kuwa huko anahesabika ni marehemu. Bwana Mipango anataka ukoo useme kwamba utepe ulikosewa na wauza maua, na ukoo umekaa, umekataa. Yuko huru kwenda kueleza kwamba mkewe yu hai. Watamuuliza, sasa aliyekufa ni nani? Hapo itabidi amtaje mdogo wangu, na kazi aliyoifanya, na moshi aliomficha daktari.

Tunamshukuru daktari, aliyeuliza lililopasa akadanganywa. Tunawashukuru majirani kwa viti, kuni na usiku wenu, walimu wake, mchumba wake, na wafanyakazi wenzake, hasa mwenzake wa zamu anayetutazama sasa kwenye simu hii, ambaye leo ndiyo mara ya kwanza analiona jina la rafiki yake, pale kwenye kibao cha jeneza.

Mashada yatawekwa kwa utaratibu, mama atatangulia. La kazini namwomba wifi asimame, avue miwani, aje alichukue yeye, kwa kuwa lina jina lake, akaliweke kaburini kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mama.

Mdogo wangu, umeitika kwa jina la mwenzio vya kutosha. Pumzika kwa amani, na upumzike kwa jina lako.