Sajini Mwololo, Aliyetegua Mabomu kwa Magoti

Marehemu Sajini mstaafu Josphat Mwololo Musila alizaliwa tarehe 14 Juni 1956 huko Masii, Machakos, mtoto wa Mzee Musila na Mama Wayua. Baba yetu alipigana Burma, na alipenda kutusimulia vita vya watu wenye sare, waliojua adui yuko upande gani. Mwololo alikuwa akimkatiza: "Baba, na mlipomaliza, nani aliokota mabomu mliyoacha?" Alichapwa kwa swali hilo, na hakuacha kuliuliza.

Alisoma Masii hadi kidato cha nne, mwaka 1975. Hesabu ilimshinda, tusidanganyane, lakini mikono yake haikujua kutetemeka. Mwaka uliofuata alijiunga na jeshi, upande wa wahandisi. Mwaka 1993 alikwenda Kroatia kulinda amani, na 2001 mpakani mwa Ethiopia na Eritrea. Kazi yake ilikuwa kutegua mabomu ya ardhini, amepiga magoti, akidunga udongo polepole na chuma. Alirudi akisema, "Siku hizi askari anaenda nyumbani, bomu linabaki kazini. Linangoja mama anayetafuta kuni."

Mwaka 1982 alimwoa Phylis Mutindi, na Mungu akawajalia Evalyne na Musau. Walihamia hapa Noonkopir, Kitengela, mwaka 1995. Basi huyu bwana akapaka mawe rangi, mekundu ni hatari, meupe ni salama, akawafundisha watoto wa mtaa mzima, utadhani Kitengela ilikuwa na mabomu! Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Jirani yake alikuwa Mzee Hared, mwenye duka, mtu wa Mandera, ambaye mapigano ya mpakani yalimchukua kaka yake. Hao wawili walibishana miaka. "Mwololo, unatoa moja, wao wanaweka kumi," Hared alimwambia. "Vita haiishi." Marehemu akajibu, "Wanaoweka wanachoka. Mimi bado niko na nguvu."

Januari 2008, nchi ilipowaka baada ya uchaguzi, ujumbe ulizunguka kwenye simu kwamba duka la Hared lina silaha. Aliyeutuma hatumjui hadi leo. Vijana wakaja mchana kweupe na mafuta ya taa, na ndani alikuwemo Khadijo, mke wa Hared, pamoja na watoto. Marehemu aliwahi kabla yao, akapanga mawe mekundu mbele ya mlango. Vijana wale aliwafundisha mwenyewe walipokuwa wadogo, wakasimama ghafla.

"Mzee, umetega?" mmoja akauliza.

"Mimi natoa, sitegi. Lakini hapa kuna hatari, hiyo siwadanganyi. Mnataka kuona silaha? Njooni. Mkanyage tu pale nimekanyaga."

Akawaongoza mmoja nyuma ya mwingine, polepole, mpaka stoo. Walipofika, hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Walikuta mchele, unga, na Khadijo amekumbatia watoto. "Pole, mama," mmoja akasema, kichwa chini.

Marehemu hakuwaachia hapo. "Bomu la siku hizi liko kwa simu," akawaambia. "Sasa mlitoe. Mwandikieni kila mtu mliyemtumia, mumwambie mmeona mchele." Wakasimama pale dukani wakiandika, na Khadijo akawapa chai, jamani, chai! Jioni Hared alimwambia, "Sisemi vita imeisha. Lakini leo, hapa, imeisha." Marehemu akasema hiyo inamtosha kuanzia. Tangu hapo, uvumi ukizuka, vijana hao ndio huwa wa kwanza kwenda kuangalia.

Mapema 2009 alipatikana na saratani ya ini. Alitibiwa hospitali ya Kajiado, na Hared ndiye aliyempeleka kila safari, wakibishana njia nzima. Alituacha asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2009. Imetuuma, na inatuuma.

Ameacha mjane Phylis, watoto Evalyne na Musau, mimi dada yake Ndunge, na ndugu yake Hared. Kwenye kikao cha familia wapo waliotaka jina la Hared lishuke chini, kwa marafiki. Nilikataa. Mwenye neno anitafute baada ya chakula.

Kaka, lala katika amani uliyoifanyia kazi. Na wewe Hared, usisimame huko nyuma. Njoo ushike koleo, udongo wa ndugu unaanza na wewe.