Ufunguo wa Ukumbi

Basi lilikuwa limeshika mwendo afisa miradi aliposikia, kiti cha nyuma, fundi cherehani akimlalamikia wifi yake. "Jana tena kikundi chetu kimekutana nje, tumeegemea ukuta wa ukumbi tuliojengewa na shirika. Jua la utosini!"

"Si mngefungua, wifi?"

"Ufunguo wanakaa nao wao. Wageni wakija, unafunguliwa. Wanapiga picha, sisi tunapiga makofi, kufuli linarudi."

Makofi hayo afisa aliyakumbuka. Yeye ndiye aliyewaonyesha waanze lini.

"Labda wanaogopea viti," wifi alisema. "Usiwaonee, wamejenga."

"Wamejenga, sikatai. Lakini mtu akupe nyumba kisha akufungie nje, hiyo ni zawadi au kejeli?"

Afisa akajikunyata. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na wazo la kufuli lilikuwa lake: viti visichafuke kabla ya wageni. Akavuta mkoba taratibu, akaukumbatia kifuani kuficha nembo ya shirika kwenye fulana yake. Afadhali, hawakumjua.

Basi lilipofika kituo cha ofisini kwao, hakuinuka. Bora apitilize, arudi kwa miguu. Mara akaguswa bega.

"Shuka, mwanangu," fundi alimwambia kwa upole. "Si ndiyo ofisi yenu hii? Mgongo wako tumeusoma tangu tulipopanda nyuma yako."

Akashuka, uso chini, mkoba bado kifuani. Mgongoni, kwa herufi kubwa za kijani, fulana iliendelea kuwaambia abiria: UKUMBI NI WENU.