Aliyekataa Kumsimamisha Mama

Ndugu waombolezaji, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, nami nitasoma yaliyo kweli, hata yale ambayo tangazo la tanzia la benki aliyoitumikia katika gazeti la jana liliyaruka.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1972, kifungua mimba wa fundi cherehani na mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye mama yetu huyu aliyekaa hapa mbele, akasoma shule ya jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, akahitimu shahada ya biashara mwaka 1996, na mwaka uliofuata akaajiriwa benki, karani wa dirishani. Mwaka 2000 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpimaji ardhi, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 alihamishiwa kitengo cha kadi, akapewa kazi ya kubuni kadi za mkopo za wateja wenye uwezo, ya fedha, ya dhahabu na nyeusi, wala hakubuni akiwa amejifungia ofisini, aliwafuata wateja wenyewe, mpaka muuza vipuri mmoja akamwambia, "Mama, sitaki kalamu wala mwavuli wenye nembo yenu, nataka nikipiga simu apokee mtu," na hapo ndipo ilipozaliwa ile laini ya simu ambayo leo benki nzima inajivunia.

Mwaka 2018 wenye kadi za dhahabu walianza kuzirudisha, mkurugenzi wa masoko akaagiza viti viondolewe kwenye ukumbi wa wateja wa kawaida na madirisha yapunguzwe, na dada aandike tangazo la kuwaarifu wateja, akisema, "Mwenye dhahabu lazima aone anachokikwepa." Dada akamjibu mbele ya kikao kizima, "Anachokikwepa ni mama yangu, anayekuja pale kuchukua pensheni yake, na mimi sitaandika tangazo la kumsimamisha."

Hata hivyo viti viliondolewa, yeye akashushwa chumba cha chini cha majalada, tuzo ya kadi alizozibuni ikapokelewa jukwaani na mkurugenzi, na mwaka 2021 akaambiwa nafasi yake haipo tena. Jana tumesoma gazetini kwamba "alistaafu kwa hiari". Jamani! Hiari ya nani? Mkurugenzi, umekuja, karibu, lakini neno hilo familia hailipokei, na tunataka lifutwe hadharani kama lilivyoandikwa hadharani.

Novemba mwaka jana dada aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akapambana nayo kwa ukali wake uleule, na alfajiri ya Jumanne tarehe 4 akafariki mikononi mwa mumewe, saa chache tu baada ya kumkaripia binti yake mdogo kwa kuja hospitali bila kula.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kulala nasi, na makarani wa madirishani, ambao walionywa wasije kumwona, na wakaja, wengine wakiwa na sare za kazi.

Pumzika kwa amani, dada. Wewe ulishasema, sasa ni zamu yetu.